Dobi wa Hattiesburg na Sarafu Sita

Siku moja katika miaka ya 1990, ofisa wa benki katika mji wa Hattiesburg, jimbo la Mississippi, Marekani, alipanga mezani sarafu kumi za senti kumi kumi. Mbele yake alikaa bibi mmoja mweusi, mdogo wa umbo, mikono imechoka kwa maumivu ya viungo. Ofisa alitaka kujua bibi anataka akiba yake iende wapi siku akifariki. Asilimia ni lugha ya watu wa benki, akaona sarafu zitaeleweka haraka: kila moja ni sehemu ya kumi ya ulichonacho, haya, gawa. Bibi akatoa moja kwa ajili ya kanisa lake. Akatoa tatu, kila moja kwa ndugu mmoja wa ukoo. Zikabaki sita. Hizo akataka ziende chuo kikuu.

Sita katika kumi zilikuwa dola 150,000. Na bibi huyo, kazi yake ya maisha yote ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za watu.

Anaitwa Oseola McCarty. Kwao Marekani anajulikana sana, huku kwetu jina lake halisikiki. Mimi nilikutana nalo muhula uliopita nikiandika insha ya kozi ya uchumi wa elimu, swali likiwa lile lile la kila mwaka: nani alipie elimu ya juu? Serikali, mzazi, au mwanafunzi mwenyewe? Nilikuwa natafuta mfano wa wafadhili, nikategemea kuokota matajiri wa mafuta na chuma, wale ambao majina yao yamechongwa juu ya milango ya maktaba. Nikaokota dobi. Tangu hapo sijamwacha, na wenzangu wa chumbani wameshachoka kunisikia. Sasa ni zamu yenu.

Alizaliwa tarehe 7 Machi 1908 katika wilaya ya Wayne, akalelewa Hattiesburg na bibi yake na shangazi yake. Nyumba ilikuwa ya wanawake watupu, na ilikula kwa kufua. Oseola akirudi shule anaweka madaftari, anashika pasi. Vijisenti alivyopewa alivificha kwenye kigari cha mwanasesere wake, na vilipojaa akaenda mwenyewe benki kufungua akaunti. Alikuwa bado mtoto.

Alitamani awe nesi. Akafika darasa la sita. Hapo shangazi akatoka hospitalini hawezi kutembea, hana mtoto wa kumwuguza, na nyumba haina mkono mwingine. Oseola akaacha shule ili amhudumie na asaidie kufua. Shangazi alipopata nafuu, wale waliosoma naye walikuwa wameshakwenda mbele, na yeye akajiona mkubwa mno kukaa na watoto wa madarasa ya chini. Hakurudi tena.

Ukisoma ualimu, habari kama hii ina namna yake ya kukuuma. Sisi tunafundishwa neno mdondoko. Tunachora jedwali, wavulana huku, wasichana kule, tunaandika sababu: utoro, mimba, umaskini, umbali wa shule. Sikumbuki jedwali lenye safu ya watoto walioacha shule kwa kumpenda shangazi. Nilipokuwa mafunzo kwa vitendo mwaka jana nilikuwa na binti wa Kidato cha Pili aliyekosa wiki tatu mfululizo, na kwenye rejista tuliandika mtoro. Alikuwa anamwuguza bibi yake.

Basi Oseola akafua. Na naomba niwaeleze alifuaje, maana ukisikia dobi siku hizi unafikiria mashine na unga wa sabuni wenye harufu ya maua. Yeye aliwasha moto uani, akainjika sufuria kubwa la chuma, akachemsha nguo nyeupe humo. Halafu kusugua kwenye ubao, kusuuza, kukamua kwa mkono, kutia wanga, kuanika kwenye kamba ndefu, kisha pasi. Siku ilianza asubuhi mapema na pasi iliwekwa chini usiku umeshaingia sana. Miaka ya 1960 alijaribu kununua mashine ya kufulia na ya kukaushia. Hakuzipenda. Aliona hazisuuzi vizuri na nyeupe haiwi nyeupe, akaachana nazo, akarudi kwenye sufuria na ubao. Wafanyakazi wa namna hii mnawajua: fundi cherehani anayefumua pindo ambalo hata mteja hakuona kasoro yake.

Wateja wake walikuwa wazungu wa mjini pale, wanasheria, madaktari, watu wa benki, watu ambao shati lao lazima lisimame. Kwa miaka mingi furushi moja la nguo za familia lilikuwa dola moja na nusu hadi mbili. Baadaye, bei za kila kitu zilipopanda, likafika dola kumi.

Ndani ya nyumba yake hakukuwa na anasa ya kutaja. Hakuwahi kuwa na gari; alitembea, na dukani alikwenda akisukuma kile kitoroli cha kubebea bidhaa. Biblia yake ilikuwa imechakaa akaifunga kwa gundi ya karatasi ili kurasa zisimwagike. Kiyoyozi alikuwa nacho, ila alikiwasha akija mgeni. Hakuolewa, hakuzaa. Bibi yake alifariki mwaka 1944, mama yake 1964, shangazi 1967, na kuanzia hapo alibaki peke yake na kazi. Aliacha kufua mwishoni mwa mwaka 1994, akiwa na miaka 86, kwa sababu vidole vilikataa.

Sasa hesabu. Nasomea kufundisha hisabati, kwa hiyo mniruhusu. Kwa dola mbili kwa furushi, dola 150,000 ni mafurushi 75,000. Hata kwa bei ya juu ya dola kumi, ni mafurushi 15,000, na hapo hujala, hujalipa kodi ya serikali, hujamzika mtu. Kwa mikono miwili haiwezekani. Kilichofanya kazi ile ni muda. Bibi Oseola alikuwa na sheria moja: hela ikishaingia benki haitoki. Watu wa benki walipomshauri ahamishie akaunti za muda maalumu zenye riba nzuri zaidi, alikubali. Dola moja ukiiacha kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, riba ikizaa riba, baada ya miaka 60 inakuwa zaidi ya dola 18. Huu ndio ule mfululizo wa kijiometri tunaowatesa nao wanafunzi wa sekondari, na sijawahi kuona mfano wake mzuri kuliko huyu bibi. Siku nikipewa darasa langu nitautumia, nitaachana na ule wa bakteria.

Chuo alichokipa kina historia yake, na bila hiyo historia hadithi inabaki ya bibi mwema tu.

Chuo Kikuu cha Southern Mississippi ni cha umma, cha jimbo. Kilianzishwa mwaka 1910, Oseola akiwa mtoto wa miaka miwili, na kilianza kama chuo cha ualimu. Nilipogundua hilo nilifurahi kidogo, nikasema kumbe ni wa kwetu. Furaha haikudumu. Kilikuwa chuo cha kuandaa walimu weupe. Kodi ya umma ilikijenga, na watu weusi walilipa kodi hiyo kama wengine, ila mlangoni hawakuruhusiwa isipokuwa wawe na fagio au sufuria.

Miaka ya 1950 alitokea kijana wa mji ule ule, Clyde Kennard. Alikuwa mwanajeshi wa miavuli, alipigana Korea, akarudi akasoma Chuo Kikuu cha Chicago miaka mitatu. Mwaka 1955 akarejea Hattiesburg kumsaidia mama yake shamba. Alitaka kumalizia shahada yake hapo hapo jirani na nyumbani, jambo ambalo mtu yeyote angelitaka. Aliomba, akakataliwa. Akaomba tena. Mwaka 1959, alipotoka kwenye mazungumzo na wakuu wa chuo, akakamatwa palepale chuoni kwa tuhuma za kubambikiwa za pombe na uendeshaji mbaya wa gari. Mwaka uliofuata wakamfungulia kesi ya kushiriki wizi wa chakula cha kuku chenye thamani ya dola 25, na akahukumiwa miaka saba jela. Gerezani akaugua saratani, akaendelea kupelekwa shambani kufanya kazi huku anaumwa. Walimwachia mwanzoni mwa 1963 akiwa hana muda tena, akafariki Julai mwaka huo. Alikuwa na miaka 36. Mahakama ilikuja kufuta hukumu ile mwaka 2006.

Wanafunzi weusi wa kwanza, wanawake wawili, waliingia chuo hicho mwaka 1965. Oseola McCarty wakati huo alikuwa na miaka 57, na mwaka mmoja nyuma alikuwa amemzika mama yake.

Jamani, fikirieni. Unafua mashati ya watu wa mji ambao chuo chake kinamfunga mtu jela kwa kuomba nafasi. Unaishi kwenye mji huo huo miaka yote. Unazeeka. Siku unaulizwa hela yako iende wapi, unasogeza sarafu sita kwenye chuo hicho. Mimi nilipofika hapa kwenye kusoma niliweka kitabu chini. Nilijiuliza kama ni msamaha, au ni kutojali, au ni akili kubwa kuliko yangu. Maelezo yake mwenyewe yalikuwa mafupi: yeye alifanya kazi kwa nguvu maisha yote ili watoto wengine wapate nafasi ambayo yeye hakuipata, na sasa chuo kile kinachukua watoto weusi. Basi. Zamani hakikuwachukua, sasa kinawachukua, na ada inawashinda. Alitazama mlango umefunguka, akaona kilichobaki ni nauli ya kuingilia.

Zawadi ilitangazwa katikati ya mwaka 1995. Karatasi alizotia saini zilisema hela itabaki kumhudumia yeye mpaka afariki, kisha iende kwenye mfuko wa kudumu. Kwa wasioujua mfuko wa aina hii: mtaji hauguswi, unawekezwa, na kila mwaka sehemu ya faida ndiyo inayolipia wanafunzi. Tuchukulie mfuko wa dola 150,000 unaotoa asilimia 5 kwa mwaka: ni dola 7,500, yaani wanafunzi saba wa dola 1,000 kila mmoja na chenji inabaki. Mwakani tena saba. Miaka hamsini ijayo, bado saba. Mtu aliyezoea akaunti isiyotolewa hela aliuelewa mfuko huo bila kuchorewa.

Ila wafanyabiashara wa Hattiesburg hawakusubiri bibi afe. Habari iliposambaa walichanga nao, wakaahidi kufikisha kiasi sawa na chake, na chuo kikaanza kutoa ufadhili mwaka ule ule. Watu zaidi ya 600 kutoka sehemu mbalimbali walituma michango yao. Wa kwanza kufadhiliwa alikuwa binti wa palepale mjini, amemaliza sekondari, na nyumbani kwao kulikuwa na pacha wake anayetakiwa kwenda chuo mwaka huo huo. Wazazi wenye mapacha wanajua maana yake. Alipewa dola 1,000. Familia ile ikamfanya Bibi Oseola kuwa bibi yao. Yeye mwenyewe hakudai jina lake liwekwe popote, alichotamani ni kuishi amwone mmoja akihitimu.

Heshima zilizofuata nitazipita haraka, maana ni nyingi na zinafanana. Rais Bill Clinton alimpa nishani ya raia bora mwaka 1995. Harvard walimpa shahada ya heshima mwaka 1996. Mwaka huo pia alishika mwenge wa Olimpiki. Chuo chake chenyewe kilimpa shahada ya heshima mwaka 1998, ya kwanza kutolewa na chuo hicho kwa mtu yeyote. Mtu wa darasa la sita akawa daktari mara mbili. Alifariki tarehe 26 Septemba 1999 kwa saratani ya ini, akiwa na miaka 91.

Kuna jambo linanikwaza katika hadithi hii, nalo nimebishana na rafiki yangu mmoja wa sosholojia mpaka kafteria ikafungwa. Yeye anasema magazeti ya Marekani yalimpenda bibi huyu kwa sababu hakudai chochote. Kennard alidai, akafungwa. Oseola hakudai, akapewa nishani. Anasema pia ni aibu jimbo zima lenye bajeti yake, mabwawa yake na barabara zake, lisomeshwe watoto wake na mama wa kufua. Na anasema tukianza kuwasifia wafadhili, kesho serikali itaturudishia bili na kutuambia tutafute madobi wetu.

Nilikuwa na majibu mengi, mengine nimeyatupa. La kwanza, ni kweli. Chuo cha umma ni cha umma. Ada na mikopo na madarasa ni wajibu wa serikali, na mchango wa mtu binafsi usiwe kisingizio cha kupunguza hata shilingi kwenye bajeti. Umoja wetu wa wanafunzi uendelee kulipigia kelele hilo, na mimi nitakuwa nyuma ya bango.

La pili, hapa kwetu vyuo vya umma havikuota kwa bajeti peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 hakikuwa na jengo. Kilianzia kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, na TANU ilikuwa ni wanachama na ada zao za uanachama. Majirani zetu Kenya walichanga kwa harambee vyuo vya ufundi miaka ya 1970, watu wakitoa hela, mbuzi na kahawa, na vingine vya hivyo leo ni vyuo vikuu vya umma, kama Dedan Kimathi pale Nyeri na Masinde Muliro pale Kakamega. Kwa hiyo tusiseme utamaduni wa kuchangia chuo ni wa Wamarekani. Tuliokatika kamba ni sisi.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Wajibu wa serikali una mwendo wake, na muhula una mwendo wake. Mkopo wa Bodi ni deni, na siku ukiajiriwa asilimia 15 ya mshahara inakatwa mpaka uishe. Silalamiki, wengi wetu tusingekuwa hapa bila huo. Lakini mkopo una matundu. Kuna aliyepata asilimia chache za ada, kuna ambaye baba alikuwa mzima wakati wa kujaza fomu na amefariki mwezi wa pili wa masomo, kuna ambaye bumu limechelewa na kodi ya chumba haichelewi. Matundu haya ni madogo. Ukiyatazama kwa bajeti ya taifa huyaoni. Ukiwa ndani yake huoni kingine.

Katika darasa letu la mwaka wa tatu tulikuwa na mwenzetu ambaye sasa hayupo. Hakufeli. Alipungukiwa ada shilingi 180,000 akashindwa kufanya mitihani ya muhula, akaahirisha mwaka, na walioahirisha mwaka wenzangu mnajua wangapi hurudi. Tulichanga kwenye grupu la darasa, lakini tulichelewa, kila mtu akisubiri mwenzake aanze, na zilipotimia tarehe ilikuwa imepita. Hela alirudishiwa kila mtu ya kwake. Hicho kitendo cha kurudishiana hela kiliniuma kuliko kuchelewa kwenyewe.

Sasa darasa hilo hilo tunachanga shilingi 30,000 kwa kila kichwa kwa ajili ya sherehe ya kuagana: ukumbi, chakula, fulana, mziki. Tuko 240. Ni shilingi 7,200,000. Sipingi sherehe. Nimekula ugali na dagaa miaka mitatu, nataka kucheza mziki usiku mmoja na watu niliokesha nao. Ila nimepanga sarafu kumi mezani kama yule ofisa wa benki. Kila sarafu ni shilingi 3,000. Siombi sita. Naomba mbili. Fulana iwe ya kitambaa cha kawaida, keki ipungue ghorofa moja, na kila mmoja aache shilingi 6,000. Kwa watu 240 ni shilingi 1,440,000. Gawa kwa 180,000 upate wanane. Wanane wa aina ya yule mwenzetu, mwaka ujao, kabla ya tarehe kupita.

Najua mtauliza kwa nini tusiweke mfuko wa kudumu kama wa Bibi Oseola. Kwa sababu hesabu inakataa. Riba ya 1,440,000 kwa mwaka haimwokoi mtu hata mmoja, na kungoja miaka sitini hatuwezi. Wetu uwe wa kuzunguka: darasa linaloaga linajaza, linalofuata linatumia na kujaza tena. Tukishaajiriwa, mwenye nafasi arudishe kidogo kwa mwezi, hata hela ya vocha. Waliomaliza miaka ya nyuma wapo mitaani, wengine wanafundisha shule tulizosoma, na hakuna aliyewahi kuwaomba kitu zaidi ya picha za mahafali.

Kuhusu nani atashika hela, hilo ndilo swali gumu, na wanaolisema wana haki. Michango ya wanafunzi imeshapotea mikononi mwa watu tunaowajua. Pendekezo langu ni akaunti ya pamoja yenye sahihi tatu, mmoja kutoka darasa linaloaga, mmoja darasa linalofuata, na mhadhiri mmoja tutakayemchagua wenyewe, na salio libandikwe ubaoni kila mwisho wa mwezi. Anayesaidiwa jina lisibandikwe. Mwenye mpango bora zaidi aje nao.

Kikao cha darasa ni Alhamisi saa kumi jioni, nje ya ukumbi wa mihadhara, chini ya mwembe. Ajenda ya kwanza ni rangi ya fulana. Hii nimeandikishwa ya pili.